Samaki Yuko Asilimia Ngapi?

Geuza pakiti ya vipande vya samaki wa kugandishwa, wale waliokwisha kuviringishwa kwenye unga kiwandani, usome nyuma. Maneno hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni, ila mpangilio ni uleule: minofu ya samaki asilimia 58 au 60, unga wa ngano, maji, mafuta ya alizeti au ya mawese, wanga wa mahindi, chumvi, dekstrozi, E450 na E500 za kuumua, E464, E451 iliyotiwa kwenye minofu yenyewe, dondoo ya hamira, rangi ya pilipili hoho E160c, manjano, pilipili manga. Mkulima wa Kinole, mkoani Morogoro, akisomewa orodha hiyo atakitambua mara moja kiambato kinachoota shambani kwake, nacho ndicho cha mwisho. Hakikuwekwa mwisho kwa bahati. Kanuni za lebo zinazofuatwa karibu dunia nzima zinataka viambato viandikwe kwa uzito, kizito kikitangulia, kwa hiyo orodha ile ni hesabu ya mizani kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Wengi wetu tunairuka hesabu hiyo na kukimbilia zile herufi E, tukiuliza ipi ni sumu. Nadhani tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza.

Kinole ni mahali pazuri pa kulianzia swali la kwanza. Kata hii iko kwenye miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, katika nchi ya karafuu, mdalasini, iliki na pilipili manga. Mpilipili hutambaa juu ya mti mwingine, vishada vyake huchumwa vikiwa bado vibichi, punje huanikwa juani mpaka zikunjamane na kuwa nyeusi, na harufu yake haihitaji maelezo. Samaki, kwa upande wake, hutoka mbali. Hupandishwa mlimani: perege na kambale wa mabwawa ya Mindu na Mtera na wa mito ya Kilombero, dagaa wa Ziwa Victoria, ng'onda wa pwani. Wengi wao hawafiki wakiwa wabichi. Hufika wamekaushwa, wamefukizwa moshi, wametiwa chumvi au wamekaangwa. Kwa hiyo mlaji wa Kinole ni mtu aliyekula samaki waliosindikwa maisha yake yote, kama walivyokula wazazi wake, na kumwambia kwamba usindikaji ni kitu kibaya ni kumwambia jambo asiloweza kuliamini, tena akiwa na haki. Chumvi, jua na moshi ndivyo vilivyomfikisha samaki mlimani. Kigezo ninachokipendekeza kinatokana na hapo: kila kilichoongezwa kwa samaki kiulizwe kazi yake. Kinamlinda samaki afike kwa mlaji, au kinachukua nafasi yake kwenye sahani?

Tuingie kiwandani. Minofu hupangwa kwenye fremu na kugandishwa kuwa bamba moja kubwa. Kipimo kilichozoeleka katika biashara ya dunia ni bamba la kilo saba na nusu hivi. Bamba hilo hukatwa kwa misumeno likiwa bado limeganda, na ndiyo maana vipande vyote hutoka sawasawa kwa umbo na uzito, jambo ambalo samaki hakuumbwa nalo. Kila kipande hupakwa unga mkavu ili rojo lishike, hupita chini ya maporomoko ya rojo la unga na maji, mara nyingi huviringishwa kwenye chenga za mkate, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 180 hadi 190 kwa nusu dakika hivi. Nusu dakika haitoshi kumwivisha samaki, wala haikukusudiwa hivyo. Ganda la nje hukauka na kupata rangi wakati ndani bado barafu, na kipande hurudishwa kwenye baridi kali. Namna hii ya kumuuza samaki ilianza Marekani mwaka 1953, ikafika Uingereza mwaka 1955 katika mji wa bandari wa Great Yarmouth, na haijabadilika sana tangu wakati huo.

Sasa angalia kinachomhifadhi samaki huyo. Ni baridi. Katika nyuzi 18 chini ya sifuri bakteria hawazaliani, na kwa sababu hiyo karibu hakuna kitu cha kuzuia kuoza katika orodha niliyoanza nayo. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba majina yale marefu ni dawa za kuhifadhia. E464 ni selulosi iliyobadilishwa kikemia, ambayo hutengeneza utando ikipata joto, hivyo rojo halinywi mafuta mengi na unyevu wa samaki hauliloweshi ganda. E450 na E500 hutoa gesi ili ganda liwe jepesi na lenye mashimomashimo. Dekstrozi ni sukari, na kazi yake kubwa hapo ni kulifanya ganda liwe la hudhurungi katika ile nusu dakika. Rangi ya pilipili hoho na manjano humalizia kazi hiyohiyo. Dondoo ya hamira huleta ladha nzito ya supu ambayo minofu iliyokaa miezi kwenye friza imekwisha kuipoteza. Karibu vyote hivi vinalitumikia ganda, na ganda ni ile asilimia 40 ambayo si samaki. Ukizijumlisha kazi zao unapata jibu la kigezo chetu: vimewekwa ili sehemu ya bei rahisi ya chakula iliwe kwa hamu kama sehemu ya bei ghali.

Fosfeti, yaani E451 na ndugu zake, inastahili aya yake, maana yenyewe huingia ndani ya nyama. Samaki akigandishwa, maji yaliyo ndani ya misuli yake hupasua nyuzi za protini, na akiyeyushwa huchuruzika. Fosfeti huiwezesha protini kuyashika maji hayo. Hiyo ni kazi halali kabisa: minofu haikauki, haigeuki kuwa kama pamba mdomoni. Lakini uwezo uleule wa kushika maji yaliyokuwamo ni uwezo wa kushika maji ambayo hayakuwamo. Minofu ikiloweshwa kwenye maji yenye fosfeti kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika huongezeka uzito, na maji hayo huuzwa kwa bei ya samaki. Mlaji hawezi kuyaona. Anaposoma "samaki asilimia 60", sehemu ya hiyo 60 inaweza kuwa maji ya bomba, isipokuwa sheria iwe imelazimisha yatajwe na pawepo mtu wa kupima.

Hapa mtetezi wa kiwanda atasimama, naye ana hoja. Vitu vyote hivyo, atasema, vimepitiwa na wataalamu wa Codex, chombo cha viwango vya chakula cha Umoja wa Mataifa, pamoja na mamlaka za Ulaya. Kuviogopa kwa sababu vina namba ni ushamba. Nakubaliana naye zaidi ya nusu ya njia. Unga wa ngano tunaonunua madukani Tanzania umeongezwa madini ya chuma, zinki, foliki asidi na vitamini B12 kwa kanuni za mwaka 2011, mafuta yameongezwa vitamini A, chumvi ina madini joto, na nchi imefaidika. Kuongezwa si dosari. Wala selulosi ya ganda si ya kumnyima mtu usingizi: majaribio ya mwaka 2022 yaliyozua hofu juu ya selulosi yalihusu aina nyingine, watu 16 tu, 7 kati yao wakipewa gramu 15 kila siku kwa siku 11, kiasi ambacho hakuna mla samaki atakayekifikia. Anayetumia utafiti ule kutishia watu kuhusu kipande cha samaki hasemi ukweli wote.

Ila hoja ya mtetezi inaishia kwenye fosfeti. Mwaka 2019 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilizipitia upya fosfeti zote kwa pamoja na kuweka kikomo: miligramu 40 za fosforasi kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kutoka vyanzo vyote, chakula cha asili kikiwemo. Ikakiri kwamba watoto wachanga na wadogo wanaweza kukivuka, na kwamba kikomo hicho hakiwalindi wenye ugonjwa wa figo. Tupige hesabu. Mtoto wa kilo 15 ana nafasi ya miligramu 600 kwa siku. Sheria ya Ulaya inaruhusu samaki wa kugandishwa awe na fosfeti iliyoongezwa ambayo, ukiigeuza kuwa fosforasi, hufika miligramu 220 hivi kwa gramu 100. Gramu 100 za samaki aliyetiwa mpaka kikomo cha juu humlia mtoto huyo zaidi ya theluthi ya nafasi yake ya siku kabla hujahesabu fosforasi ya asili ya samaki, ya maziwa, ya maharage, wala ya hamira ya unga iliyo kwenye ganda. Tena fosfeti ya kuongezwa hufyonzwa na utumbo karibu yote, wakati ile ya asili iliyofungwa ndani ya chakula hufyonzwa nusu au zaidi kidogo. Kwa nchi yenye figo nzima hiyo ingekuwa hesabu ya kitaalamu tu. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania, wa umri wa miaka 25 hadi 64, ana shinikizo la damu, na asilimia 9 wana kisukari, magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo. Utafiti uliofanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta takribani asilimia 7 ya watu wazima wana ugonjwa sugu wa figo, wengi wao bila kujua. Kiambato kinachoruhusiwa kwa mwenye figo nzima wa Ulaya hakijapimwa kwa mwenye figo inayougua kimyakimya wa Moshi au Morogoro.

Kuna pia suala la chakula kilichosindikwa kupita kiasi kwa jumla, jina litokalo kwenye mpangilio uliobuniwa na Carlos Monteiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, unaovipanga vyakula kwa kiwango na lengo la usindikaji. Kwa mpangilio huo ng'onda na samaki wa moshi wako kundi la tatu, na vipande vyetu vya pakiti viko la nne, la vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Ushahidi ninaouheshimu zaidi ni wa mtafiti Kevin Hall, uliochapishwa Marekani mwaka 2019: watu wazima 20 walikaa kwenye wodi ya utafiti, wiki mbili wakila vyakula vya kundi la nne na wiki mbili vyakula visivyosindikwa, wakiachiwa wale watakavyo. Sukari, chumvi, mafuta na nyuzinyuzi zilizoandaliwa mezani zilikuwa sawa. Bado walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku katika wiki za chakula cha kiwandani, wakaongezeka uzito karibu kilo moja. Walikula kwa kasi zaidi, na tonge zao zilibeba nishati nyingi zaidi. Ukilitazama ganda jepesi, kavu, lenye mafuta, chumvi na ladha ya supu, unaona kwa nini. Lakini sitaki kulifanya kundi la nne kuwa jehanamu moja. Tafiti kubwa za Ulaya zimeonyesha kwamba lawama nyingi huangukia soda na nyama za kusindikwa, na si kila chakula kilichomo. Kipande cha samaki chenye asilimia 75 ya samaki hakistahili hukumu ileile na kile chenye 50, ingawa viko kundi moja. Asilimia ndiyo inayotofautisha, na ndiyo narudi kuidai.

Watu wa jikoni wana pingamizi lao, na ni zito kuliko la kiwanda. Samaki wa karai je? Yule anayekaangwa kwenye mafuta yaliyotumika tangu asubuhi mpaka yakawa meusi na mazito, ni bora kwa lipi? Na wa moshi, ambaye moshi wa kuni humwachia kemikali za familia ya benzopaireni, zinazojulikana kusababisha saratani? Na ng'onda mwenye chumvi ya kutosha kupita kile kikomo cha gramu 5 kwa siku cha Shirika la Afya Duniani? Majibu yangu hayatamfurahisha anayetaka kila cha asili kiwe kizuri. Mafuta yaliyochoka ni mabaya, tena yawezekana kuwa mabaya kuliko chochote kilichomo kwenye pakiti. Moshi unapunguzwa kwa majiko bora ya kukaushia, na unapaswa kupunguzwa. Chumvi ya ng'onda hutolewa kwa kumloweka na kumwaga maji, kama walivyofanya wapishi wa pwani siku zote. Tofauti ninayoing'ang'ania ni kwamba madhara hayo yanaonekana na yanarekebishika na yule anayepika. Mafuta meusi unayaona. Chumvi unaionja. Na samaki wa karai ni samaki. Ukimla, mfupa ukibaki, unajua umekula nini. Maji yaliyoshikwa na fosfeti, au nusu ya kipande iliyo unga, mpishi hana namna ya kuyaondoa.

Halafu kuna mama anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni Msamvu, mjini Morogoro, ana watoto watatu, na pakiti inaiva kwa dakika kumi na tano. Kwake yeye vipande vile ni samaki ambaye watoto watamla bila ugomvi wa miiba. Sitamwambia aache. Nitamwomba afanye hesabu moja. Tuseme kilo ya vipande ni shilingi 20,000 na samaki ni asilimia 58. Amenunua gramu 580 za samaki, kwa hiyo kilo ya samaki imemgharimu zaidi ya shilingi 34,000, na gramu 420 zilizobaki ni unga, maji, mafuta na chumvi, vitu alivyonavyo jikoni kwa bei ya chini mno. Gramu 100 za minofu mibichi humpa mtoto kama gramu 18 za protini. Gramu 100 za vipande hivyo, pamoja na mchango wa ngano, zitampa kama 12 au 13. Konzi ya dagaa waliooshwa vizuri na kukaangwa kwa kitunguu na nyanya humpa mtoto huyo protini zaidi, na kalsiamu ya mifupa juu yake, kwa sehemu ndogo ya bei. Nasema hivi nikijua kwamba muda nao ni gharama, na mama huyo ndiye pekee anayejua muda wake una thamani gani. Ila hesabu yenyewe hawezi kuifanya kama asilimia haijaandikwa, au imeandikwa kwa herufi ndogo za lugha asiyoisoma.

Na hapo ndipo mamlaka zetu zinapohusika. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula umehamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kutoka iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kiwango cha jumla cha Codex kuhusu lebo kimekwisha kusema kwamba kiambato kinachosisitizwa kwa maneno au kwa picha mbele ya pakiti kitajiwe asilimia yake. Picha ya samaki mzima inayong'aa mbele ya boksi ni msisitizo usio na ubishi. Marekani, viwango vya daraja vya serikali hutaka vijiti vya samaki vilivyokwisha kukaangwa viwe na samaki asilimia 60, na vile vibichi vilivyoviringishwa tu viwe na 72. Kupima si kazi ya kubuni upya: kipande huchovywa kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ganda lilegee, hukwanguliwa, kilichobaki hupimwa, kisha nitrojeni ya nyama hupimwa ili kujua kama maji yamezidi. Nchi hii ina uwezo huo. Umoja wa Ulaya ulipouzuia uingizaji wa samaki wa Ziwa Victoria kwa nyakati tofauti kati ya mwaka 1997 na 1999, mara kwa salmonela, mara kwa kipindupindu, mara kwa hofu ya mabaki ya dawa za kuua wadudu, Tanzania, Kenya na Uganda zilijenga upya mifumo ya ukaguzi ili minofu ya sangara irudi sokoni, na Mwanza ina maabara ya taifa ya ubora wa samaki pale Nyegezi. Mnunuzi wa Ulaya alidai, akapimiwa. Wakati huohuo minofu ikienda, watu wa Mwanza walibaki na mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara iliyokaangwa. Mlaji wa ndani naye apimiwe.

Mkoa wa Morogoro una kila kinachotakiwa kuonyesha kwamba inawezekana. Kingolwira kuna kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji kinachozalisha vifaranga vya perege na kambale. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina wataalamu wa samaki na wa sayansi ya chakula ndani ya mji uleule. Unga wa mchele wa Kilombero hukaangika ukawa mkavu kuliko wa ngano. Ndimu zipo, na pilipili manga ya Kinole inauzwa kwa gunia katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, lenye jina la watawala wa Kinole hiyohiyo. Kipande cha perege kilichogandishwa ndani ya saa chache tangu kutoka bwawani hakina haja kubwa ya fosfeti, kwa sababu hakikukaa miezi mingi kikisafirishwa, na nyama yake bado ina ladha ambayo dondoo ya hamira huletwa kuifidia. Lebo yake ingeweza kusoma: perege asilimia 75, unga wa mchele, mafuta ya alizeti, maji, chumvi, pilipili manga, ndimu. Pilipili ingepanda kutoka mkiani mwa orodha ndefu, na mkulima angepata mnunuzi wa jirani anayehitaji ubora wa punje, maana mahali ambapo hakuna ladha nyingine ya kujificha nyuma yake, pilipili mbovu hujulikana kwa tonge la kwanza.

Kipande hicho kitakuwa na udhaifu wake. Bila selulosi ya E464 kitanyonya mafuta zaidi kidogo, na ganda lake litalainika mapema kikiachwa mezani. Bila fosfeti hakitavumilia umeme unaokatika na friza inayoyeyuka nusu na kuganda tena, jambo la kawaida katika maduka yetu. Kitakuwa ghali kwa kilo, ingawa kwa gramu ya samaki kinaweza kuwa rahisi. Mjadala wa gharama hizo nitaukubali wakati wowote, na mtu yeyote, mradi asilimia ya samaki iwe imeandikwa mbele ya boksi, kwa Kiswahili, pembeni ya ile picha.